Taswira ya Diski Haifunguki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mafaili ya ISO, IMG, DMG, VHD, VHDX, BIN na jamaa zao. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, tumetaja swali la kwenda kulisoma. Amri zimeandikwa kama zinavyoingizwa. Badilisha jina la faili tu.

## Mambo ya msingi

Taswira ya diski ni kitu gani hasa?

Ni nakala ya diski nzima iliyowekwa ndani ya faili moja. Humo hamna mafaili peke yake. Kuna pia orodha ya mahali kila faili lilipo, lebo ya diski, na mara nyingi sehemu ya kuwashia kompyuta. Ndiyo maana haifunguliwi kama waraka au picha. Kompyuta inapaswa kuipachika, yaani kuichukulia kana kwamba ni diski halisi iliyoingizwa, kisha isome mfumo wa faili uliomo.

Kwa hiyo kuna hatua tatu zinazoweza kukwama: faili lenyewe linaweza kuwa bovu au pungufu, ganda lake linaweza kuwa la aina ambayo kompyuta yako haiijui, au ganda likafunguka lakini mfumo wa faili wa ndani usisomeke. Dawa ya hatua moja haiponyi nyingine. Watu wengi hupoteza siku nzima wakijaribu programu moja baada ya nyingine ilhali faili halikupakuliwa lote.

Nianzie wapi kabla ya kubadilisha chochote?

Fuata mpangilio huu. Kwanza linganisha ukubwa wa faili kwa baiti na ule uliotajwa na mtoaji. Pili pima hashi yake, yaani mfuatano unaokokotolewa kutokana na baiti zake zote. Tatu thibitisha aina halisi ya faili. Baada ya hapo ndipo utafute programu. Na kama faili hilo ndilo nakala pekee uliyonayo, tengeneza nakala nyingine na ufanyie kazi hiyo nakala. Usikubali kompyuta irekebishe kitu ndani ya faili la asili, na usibonyeze “Format” hata kama dirisha linakusihi.

Nitajuaje aina halisi ya faili? Kiendelezi kinasema .iso.

Kiendelezi ni jina tu, mtu yeyote anaweza kulibadilisha. Ukweli umo kwenye baiti za faili. Kwenye Linux na macOS, andika `file jina.iso` na mara nyingi utapata jibu papo hapo. Kwenye Windows, fungua faili kwa programu ya kutazama baiti kama HxD, kisha tafuta alama hizi:

- ISO: herufi `CD001` kuanzia baiti ya 32,769. Ukikuta `BEA01` mahali hapo, ni diski ya UDF, mfumo mwingine wa faili wa diski.
- VHDX: faili linaanza na `vhdxfile`.
- VHD: baiti 512 za mwisho zinaanza na `conectix`.
- DMG: baiti 512 za mwisho zinaanza na `koly`.
- WIM na ESD: mwanzo ni `MSWIM`.
- QCOW2: mwanzo ni `QFI`.
- Taswira ya diski kuu au ya flashi: baiti za 510 na 511 ni `55 AA`, na ikiwa ina jedwali la GPT (orodha ya sehemu za diski), utaona `EFI PART` kwenye baiti ya 512.

Tazama DMG na VHD: alama zake ziko mwishoni. Upakuaji ukikatika hata karibu na mwisho kabisa, alama hupotea, na programu hudai kwamba haitambui faili. Hapo hakuna tatizo la programu.

Ukiona `PK` mwanzoni, umeshika faili la zip. `1F 8B` ni gzip, na `FD 37 7A 58 5A` ni xz. Fungua hilo ganda kwanza ndipo upate taswira yenyewe. Ukiona `<!DOCTYPE html` au `<html`, umepakua ukurasa wa tovuti badala ya faili. Hili hutokea sana pale kiungo kinapohitaji kuingia kwa akaunti au kinapopita ukurasa wa kati, na faili la namna hiyo huwa na kilobaiti chache tu.

Je, naweza kubadilisha kiendelezi kutoka .img kwenda .iso ili lifunguke?

Inafaa pale tu ambapo ndani yake ni ISO tangu mwanzo, jambo ambalo unaweza kulithibitisha kwa alama ya `CD001`. Kubadilisha jina la BIN, NRG, DMG au VMDK kuwa .iso hakubadilishi hata baiti moja ya ndani. Kunafanya tu tatizo liwe gumu zaidi kwa atakayelipokea faili baada yako.

## Upakuaji na ukamilifu wa faili

Nitapimaje hashi, na inanisaidia nini?

Hashi ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na baiti zote za faili. Biti moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Mtoaji akichapisha SHA-256 ya faili lake, pima ya kwako ulinganishe:

- Windows: `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, au kwenye PowerShell `Get-FileHash jina.iso`
- macOS: `shasum -a 256 jina.iso`
- Linux: `sha256sum jina.iso`

Herufi kubwa au ndogo hazina tofauti. Zikilingana, faili ni zima na ubovu utafute kwingine. Zisipolingana, achana kabisa na suala la programu.

Mtoaji hakuchapisha hashi. Nitafanyaje?

Kuna kipimo kingine kizuri kwa ISO. Ndani ya ISO mmeandikwa idadi ya vipande vya baiti 2,048 vinavyounda diski. Kwenye Linux, `isoinfo -d -i jina.iso` hutoa mstari wa “Volume size is”. Zidisha namba hiyo kwa 2,048. Kwa mfano, ikisema 358400, faili linapaswa kuwa na angalau baiti 734,003,200. Likiwa dogo kuliko hapo, limekatika. Likiwa kubwa kidogo, usihofu. ISO nyingi za kuwashia kompyuta huongezewa baiti za ziada mwishoni.

Kwa haraka zaidi, gawanya ukubwa wa faili kwa 2,048. ISO ya kawaida hugawanyika bila baki.

Hashi hazilingani. Ni lazima nipakue lote upya?

Si lazima. Ikiwa faili ni pungufu, endelea pale lilipoishia kwa `wget -c` au `curl -C - -O` ukifuatisha na anwani ileile. Angalia pia kama folda bado ina faili lenye kiendelezi cha `.part` au `.crdownload`, hiyo ni dalili kwamba kivinjari hakikumaliza.

Ikiwa ukubwa ni sawa lakini hashi ni tofauti, kuna baiti zilizoharibika katikati na kuendelea hakutasaidia. Kama mtoaji ana toleo la torrent, lielekeze kwenye faili ulilonalo, amuru likaguliwe upya, na litapakua vipande vibovu tu. Faili la `.zsync` hufanya kazi hiyohiyo. Ni njia inayookoa kifurushi kikubwa cha data, na inasikitisha kwamba wengi hawaijui.

Kila nikipima hashi ya faili lilelile napata jibu tofauti. Inawezekanaje?

Faili haliguswi, lakini kompyuta inalisoma tofauti kila mara. Mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Endesha MemTest86+ kutoka kwenye flashi na uiache imalize angalau mzunguko mmoja mzima. Watuhumiwa wengine ni kebo ya USB iliyolegea, kigawanyaji cha USB, au diski inayoanza kufa. Hamishia faili kwenye kompyuta nyingine upime huko. Usitengeneze wala kuokoa chochote kwa mashine hiyo hadi chanzo kipatikane, maana kila utakachonakili kinaweza kuharibika njiani bila onyo lolote.

Faili langu linagoma kuzidi GB 4.

Diski unayohifadhia ina mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi baiti 4,294,967,295. Flashi nyingi za zamani ziko hivyo. Hamisha vilivyomo, kisha ifomati upya kwa exFAT au NTFS, au pakua moja kwa moja kwenye diski ya ndani. Ukubwa wa faili lako ukiwa ndio huo hasa, usihangaike kulitengeneza, lilikatwa.

## Windows

Nikibofya mara mbili, ISO inafunguka kwenye programu ya zip. “Mount” haipo.

Programu ya kufungulia zip imejitwalia kiendelezi cha .iso. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua “Open with”, kisha “Windows Explorer”. Likikubali, rudia ukiweka alama ya kulitumia daima. Njia isiyojali mipangilio hiyo ni PowerShell:

`Mount-DiskImage -ImagePath "D:\Mafaili\jina.iso"`

Andika njia kamili ya faili tangu herufi ya diski. Ukimaliza, tumia `Dismount-DiskImage` na njia ileile.

Windows ilianza kupachika ISO yenyewe katika Windows 8, mwaka 2012. Windows 7 inaweza kuchoma ISO kwenye CD au DVD na kupachika VHD kupitia Disk Management, ila kupachika ISO kunahitaji programu ya ziada.

Naambiwa “Make sure the file is in an NTFS volume and isn't in a compressed folder or volume”. Lakini diski yangu ni NTFS!

Ujumbe huu una sababu tatu, na ya tatu haitajwi kwenye ujumbe wenyewe.

Ya kwanza ni kwamba faili liko kwenye flashi, diski ya mtandao, au folda ya wingu ambamo bado halijashushwa kikamilifu. Linakili kwenye diski ya ndani. Ya pili, folda imebanwa: majina ya mafaili huonyesha mishale miwili ya buluu kwenye ikoni. Andika `compact /u "D:\Mafaili\jina.iso"`.

Ya tatu ni alama ya faili lenye mapengo, ambayo programu za torrent huiweka zinapotenga nafasi. Kagua:

`fsutil sparse queryflag "D:\Mafaili\jina.iso"`

Ukijibiwa kwamba alama ipo, iondoe kwa `fsutil sparse setflag "D:\Mafaili\jina.iso" 0`. Amri hii ikikataa, pima hashi kwanza, maana mapengo yanaweza kuwa vipande ambavyo havijapakuliwa.

VHD nazo zina sharti hilo: zisibanwe, zisifichwe kwa usimbaji wa NTFS, wala zisiwe na alama hiyo.

“The disc image file is corrupted” maana yake ni faili kuharibika?

Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara. Windows hutoa kauli hii pia inapokutana na taswira isiyoielewa, kwa mfano BIN au NRG iliyopewa jina la .iso. Pima hashi, ikilingana, rudi kwenye swali la aina halisi ya faili hapo juu.

Linapachikwa bila kosa, lakini sioni diski mpya.

Fungua Disk Management kwa `diskmgmt.msc`. Ukiiona diski lakini haina herufi, ibofye kwa kitufe cha kulia uchague “Change Drive Letter and Paths”, uipe herufi iliyo huru. VHD ikionekana “Offline”, ibofye upande wa kushoto kwenye jina la diski na uchague “Online”. Ikionekana “RAW”, mfumo wake wa faili haujulikani kwa Windows: unaweza kuwa ext4 ya Linux au APFS ya Mac, umefungwa kwa nenosiri, au umeharibika. Ikiandikwa “Not Initialized” usibonyeze “Initialize”, kwani utaandika jedwali jipya juu ya lile lililokuwepo.

Nimefungua ISO ya Windows, nimekuta faili moja tu la readme.txt.

Diski hiyo ni ya UDF, na programu uliyotumia inasoma ISO 9660 pekee. Ndani ya readme.txt kuna sentensi inayoeleza kwamba diski inahitaji mfumo unaotambua ISO-13346, kiwango ambacho UDF imejengwa juu yake. ISO haina kasoro. Ipachike kwa Windows yenyewe au tumia toleo jipya la 7-Zip.

Nimetumiwa ISO au VHD kwa barua pepe na Windows inanizuia. Niilazimishe?

Usiilazimishe kama hukuitarajia. Wahalifu wamezitumia sana taswira za diski kubebea programu haribifu, kwa sababu alama ya “limetoka kwenye intaneti” ilikuwa haihami kwenda kwa mafaili ya ndani. Microsoft ililiziba hilo mwaka 2022. Ikiwa chanzo unakijua na hashi imelingana, bofya kwa kitufe cha kulia, “Properties”, kisha “Unblock”.

## macOS

“No mountable file systems” inatokana na nini?

Hapa ganda la DMG limefunguka, tatizo liko ndani yake. Sababu inayoongoza ni tofauti ya umri kati ya taswira na mfumo. APFS ilikuja na macOS 10.13 mwaka 2017. DMG yenye APFS haifunguki kwenye toleo la kabla ya hapo. Kinyume chake, mfumo wa kale wa HFS, ule uliotangulia HFS+, uliondolewa katika macOS 10.15, hivyo taswira za diski za zamani sana zinakataa kwenye Mac za sasa. Kwa hizo, tumia macOS ya zamani ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu).

Ubanaji nao una umri: aina ya ULFO inahitaji 10.11 au zaidi, na ULMO inahitaji 10.15 au zaidi. `hdiutil imageinfo jina.dmg` itakuonyesha aina kwenye mstari wa “Format”.

Ikiwa matoleo yanalingana, pachika ganda bila mfumo wa faili na uone kilichomo:

`hdiutil attach -nomount jina.dmg`
`diskutil list`

Tafuta diski mpya, tuseme `disk4`, na sehemu yake `disk4s1`. Kagua kwa `diskutil verifyVolume disk4s1`, kisha jaribu `diskutil mount readOnly disk4s1`.

“Image not recognized” je?

Hapa ganda lenyewe halijatambulika. Karibu kila mara ni upakuaji uliokatika au ukurasa wa tovuti uliojivika jina la DMG. Andika `tail -c 512 jina.dmg | head -c 4`. Isipotoka `koly`, DMG ya kupakuliwa haijakamilika. `hdiutil verify jina.dmg` hukagua hesabu ya ndani ya taswira hata kama hukupewa hashi.

Naambiwa “Resource busy”.

Taswira imeshapachikwa au programu nyingine imeishikilia. `hdiutil info` itaorodhesha zote zilizopachikwa. Iondoe kwa `hdiutil detach /dev/disk4`. Ikigoma, ongeza `-force` baada ya kuhakikisha hakuna kinachoandikwa humo.

DMG imefunguka, ila programu ya ndani inasemwa “is damaged and can't be opened”.

Hilo si suala la taswira tena. macOS imekagua sahihi ya programu na haikuridhika. Futa, pakua upya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, pima hashi. Mafunzo mengi huhimiza kuondoa alama ya karantini kwa amri moja. Hiyo inazima ulinzi bila kujua kama programu imeharibika au imechezewa, na haifai kuwa hatua ya kwanza.

Nataka kufungua DMG kwenye Windows au Linux.

7-Zip hufungua DMG nyingi zenye HFS+, na kuanzia toleo la 22.00 inasoma APFS pia. Toa mafaili unayoyataka tu. Kwenye Linux, `dmg2img jina.dmg jina.img` hutoa taswira ghafi unayoweza kuipachika. Programu za Mac zilizomo hazitaendeshwa huko, ila nyaraka na picha zitasomeka. DMG yenye nenosiri ni habari nyingine. Soma swali la nenosiri chini.

## Linux

“Wrong fs type, bad option, bad superblock” inatoka kwa taswira ninayojua ni nzima.

Yaelekea unapachika diski nzima badala ya kizigeu, yaani sehemu moja ya diski. ISO inapachikwa moja kwa moja:

`sudo mount -o loop,ro jina.iso /mnt`

Lakini IMG ya diski kuu au ya kadi ya SD huanza na jedwali la vizigeu, na mfumo wa faili unaanzia mbele. Acha kompyuta ivitambue yenyewe:

`sudo losetup -fP --show -r jina.img`
`lsblk -f /dev/loop0`
`sudo mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt`

Tumia jina la loop ulilopewa na amri ya kwanza. Ukitaka kupiga hesabu mwenyewe, `fdisk -l jina.img` hukupa sekta ya kuanzia. Zidisha kwa 512. Sekta ya 2048 ni baiti 1,048,576, ndiyo unayoiweka kwenye `offset=`. Kusahau kuzidisha ndilo kosa tunaloliona kuliko yote.

losetup inalalamika kwamba faili halitoshei sekta za baiti 512.

Ukubwa wa faili haugawanyiki kwa 512. Ama limekatika, ama bado limebanwa kwa gzip au xz huku jina likisema .img.

Kizigeu kinaonekana lakini bado kinakataa kupachikwa.

`lsblk -f` itasema ni nini. Ext4 iliyonakiliwa ikiwa inatumika ina shajara (kumbukumbu ya mabadiliko) isiyomalizwa, na kwa kuwa umeipachika kwa kusoma tu, haiwezi kuimaliza: tumia `-o ro,noload`. XFS inataka `-o ro,norecovery`, na ukiwa na diski ya asili pamoja na nakala yake zikiwa zimeunganishwa, ongeza `nouuid`. Ukiona `LVM2_member`, endesha `sudo vgchange -ay` kwanza. `crypto_LUKS` inahitaji `cryptsetup open` na nenosiri.

## Aina zisizozoeleka

Nina BIN na CUE. Nifungue lipi?

Fungua CUE. Hilo ni faili dogo la maandishi linaloeleza mpangilio wa BIN:

```
FILE "DISKI.BIN" BINARY
  TRACK 01 MODE1/2352
    INDEX 01 00:00:00
```

Jina lililo ndani ya alama za kunukuu lazima lifanane na la BIN herufi kwa herufi. Mtu akibadilisha jina la BIN bila kugusa CUE, kila kitu kinakwama. Kwenye Linux hata tofauti ya `.BIN` na `.bin` inatosha. Fungua CUE kwa kihariri cha maandishi na urekebishe.

Namba 2352 inaonyesha sekta ghafi: baiti 2,048 za data pamoja na za usawazishaji na za kusahihisha makosa. Ndiyo sababu BIN haisomeki kama ISO. `bchunk jina.bin jina.cue jina` huzichuja na kutoa ISO. Nyimbo za muziki zilizomo haziwezi kuwa ISO; ongeza `-w` zitoke kama WAV. CUE ikipotea na diski ilikuwa na wimbo mmoja wa data, unaweza kuiandika upya kwa mistari hiyo mitatu.

NRG na MDF?

Kwa Linux kuna `nrg2iso` na `mdf2iso`. NRG ya data mara nyingi hupachikwa pia kwa `offset=307200`. MDF husafiri na MDS. Hifadhi zote mbili pamoja.

VMDK yangu ina KB 1 tu!

Hilo ni faili la maelezo, data iko kwenye mwenzake mwenye `-flat.vmdk`. Yaweke folda moja. Jina likiishia na namba kama `-000001.vmdk`, au likiwa la `.avhdx`, umeshika mabadiliko yaliyofuata baada ya nakala ya hali (snapshot), na bila faili mzazi halina maana peke yake. Kwa VMDK, `qemu-img info` humtaja mzazi anayetakiwa. Kugeuza kwenda taswira ghafi:

`qemu-img convert -O raw jina.vmdk jina.img`

Hakikisha una nafasi ya ukubwa kamili wa diski pepe, maana faili la GB 8 linaweza kuwa limebeba diski ya GB 100.

WIM na ESD?

Hizi zinabeba mafaili, si sekta za diski, hivyo hazipachikwi kwa kubofya. 7-Zip inazifungua. DISM, amri ya Windows, hupachika WIM. ESD igeuze kwanza kuwa WIM kwa `/Export-Image`.

Taswira imegawanywa: .001, .002, na kuendelea.

Ikiwa ni vipande vilivyokatwa tu, viunganishe: `copy /b jina.iso.001+jina.iso.002 jina.iso` kwenye Windows, au `cat jina.iso.0* > jina.iso` kwenye Linux na macOS. Usisahau `/b`. Ikiwa ni vipande vya RAR au 7z, fungua cha kwanza tu na programu itavifuata vingine. Kikikosekana kimoja, hakuna njia ya kukibuni.

## Flashi za kuwashia kompyuta

Nimenakili ISO kwenye flashi lakini kompyuta haiwaki nayo.

Kunakili faili hakutoshi. Inabidi taswira iandikwe kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na vilivyokuwemo vitafutika. ISO nyingi za Linux zimeundwa ziweze kuandikwa sekta kwa sekta. ISO ya Windows haiko hivyo, kwa hiyo `dd` na Etcher hazitatoa flashi inayowaka; Rufus inaweza. Ukitengeneza kwa mkono kwenye FAT32, utagonga ukuta wa GB 4 kwa sababu ya `install.wim`. Igawanye:

`dism /Split-Image /ImageFile:install.wim /SWMFile:install.swm /FileSize:3800`

Baada ya kuiandika, Windows inataka kuifomati flashi.

Kataa. Windows haitambui mfumo wa faili ulioandikwa, basi. Flashi ni nzima. Iache hivyo na uwashe kompyuta nayo. Siku ukitaka kuirudisha katika matumizi ya kawaida, tumia `diskpart`, `list disk`, `select disk` na namba yake, kisha `clean`. Soma ukubwa wa diski mara mbili kabla ya `clean`, kwani amri hiyo haiulizi.

## Kuokoa kilichomo

Taswira imeharibika na sina nakala nyingine.

Tengeneza nakala, fanya kazi kwa kusoma tu. Jaribu 7-Zip kwanza: mara nyingi hutoa mafaili mazima na kulalamikia yale yaliyoguswa na ubovu peke yake. Taswira ya diski kuu iliyopoteza jedwali la vizigeu ipeleke kwa TestDisk. Mfumo wa faili ukiwa umesambaratika, PhotoRec hutafuta mafaili kwa alama zake, ila majina na folda hazirudi. ISO iliyokatika bado inatoa mafaili yaliyoko kabla ya mkato.

Taswira nilitengeneza kutoka kwenye DVD yenye mikwaruzo na haifunguki.

Programu za kawaida hukata tamaa kwenye sekta ya kwanza mbovu. Rudi kwenye DVD yenyewe ukiwa na ddrescue:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map`
`ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map`

Mpito wa kwanza huchukua yote yaliyo rahisi, wa pili hurudia sekta ngumu mara tatu. Faili la `okoa.map` linakumbuka kilichobaki, kwa hiyo unaweza kusafisha diski kutoka katikati kwenda ukingoni, au kuihamishia kwenye kisoma diski kingine, ukaendelea na mafaili yaleyale. Visoma diski hutofautiana sana. Sekta iliyoshindikana kwa kimoja husomeka kwa kingine.

Taswira ina nenosiri na nimelisahau.

`hdiutil isencrypted jina.dmg` huthibitisha kama DMG imefungwa. Kwa VHD yenye BitLocker, tafuta ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48, ambao huenda ulihifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft au kuchapishwa. LUKS inaweza kuwa na nenosiri la pili lililowekwa na mtu mwingine. Faili la VeraCrypt halina alama yoyote ya utambulisho na linaonekana kama baiti za kubahatisha, kwa hiyo `file` itasema tu “data”. Bila nenosiri wala ufunguo, hakuna programu ya kutengeneza taswira itakayolifungua, na anayekuahidi hivyo kwa malipo ya awali usimpe pesa wala faili.